Kutoa tinti kwenye taa za gari bila kuua plastiki

Neno "kioo cha taa" limeponza taa nyingi. Tumelirithi kutoka magari ya zamani, yale ambayo taa yake ukiigonga kwa kucha inalia kama glasi. Taa za IST, Noah, Premio au Forester zinazopita barabarani leo ni plastiki, mbele na nyuma, ila jina limebaki. Na mtu akishasema kioo, mkono wake nao unafanya mambo ya kioo: unachukua wembe, unachukua thina, unasugua kama anayetoa rangi iliyorukia dirisha la nyumba. Dirisha linavumilia. Taa haivumilii.

Kijana mmoja aliniletea Noah yake, taa za nyuma zimepigwa tinti nyeusi na mwenye gari wa kwanza. Alitaka zirudi nyekundu kabla hajasafiri usiku na familia. "Fundi, hii ya kulia nimepitisha thina kidogo tu, nikaona kama inatoka, nikaacha." Nikaiinamia. Tinti ilikuwa imetoka kweli, kipande cha ukubwa wa kiganja, lakini chini yake plastiki ilikuwa imejaa nyufa nyembamba kama nywele. Ukiitazama uso kwa uso huzioni. Ukiitazama kwa ubavu, jua likiwa upande wa pili, zinawaka zote kwa mamia, na nyingi zimejikusanya kuzunguka tundu la skrubu. Taa ya kushoto, ambayo hakuigusa, niliisafisha kwa saa tatu ikarudi nyekundu safi. Ya kulia tukaenda kuitafutia nyingine badala yake Ilala, jijini Dar es Salaam. Tinti ileile, gari lilelile, tofauti ni kile kitambaa kimoja cha thina.

Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote iliyoandikwa hapa chini, anza na maswali mawili: taa yako ni plastiki gani, na hiyo tinti ni kitu gani.

## Plastiki gani, tinti gani

Taa za mbele karibu zote ni polikaboneti. Ni plastiki ngumu kuvunjika, jiwe likiruka linadunda, lakini ni laini kukwaruzika na jua linaigeuza njano. Ndiyo maana kiwandani huvikwa ngozi nyembamba ngumu ya kuikinga. Taa za nyuma mara nyingi ni akriliki. Akriliki inalivumilia jua miaka na miaka, ila inapasuka kirahisi na haipatani kabisa na thina. Huna haja ya kukisia: chunguza ukingo wa lenzi, yaani kile kifuniko cha mbele cha taa, au sehemu yake ya chini, utakuta herufi ndogo zilizochongwa katikati ya vimishale viwili. PC ni polikaboneti, PMMA ni akriliki. Ukikuta PP, hiyo ni ya boksi la nyuma ya taa, haihusu lenzi. Taa za mbele zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya huwa na herufi PL pia, maana yake lenzi ni ya plastiki.

Tinti nazo ziko za aina nne hivi. Kuna karatasi ya kubandika, stika. Ukingo wake unaonekana au kucha inaunasa pembeni. Kuna rangi ya kopo ya kupuliza, ile inayouzwa kwa ajili ya taa, ambayo ni laini na hukauka kwa hewa tu. Kuna klia, ile rangi angavu ya kumalizia, yenye hadna (dawa ya kuikaza), iliyochanganywa na rangi nyeusi na kupigwa kwa kompresa. Hiyo ni ngumu kama rangi ya bodi. Na kuna taa ambazo hazikupigwa chochote, ni plastiki yenyewe iliyotiwa weusi kiwandani. Nimeona watu wakisugua hizi za mwisho nusu siku wakitafuta wekundu ambao haupo.

Jaribio langu ni hili. Fungua buti, tafuta ukingo wa taa ya nyuma ambao hauonekani buti likifungwa. Chukua kitambaa cheupe, kilowe kidogo kwa spiriti ile ya hospitali, pitisha mara tatu bila kukandamiza, kisha futa haraka kwa kitambaa chenye maji. Tazama kitambaa. Kikitoka na weusi au kahawia, ni rangi ya kopo na kazi yako itakuwa nyepesi. Kikitoka kisafi, ni klia ya hadna, au stika, au weusi wa kiwandani. Kikitoka chekundu, simama hapo hapo, kwa sababu wekundu wa taa ya nyuma umo ndani ya plastiki. Ukiuona kwenye kitambaa ujue unayeyusha taa. Na ukisikia kitambaa kinanata, simama pia.

Spiriti ni ya kujaribia tu. Kwenye akriliki usiloweke, usifunike na pamba yenye spiriti ukaiacha ifanye kazi. Kugusa na kufuta, basi.

## Stika haitoki, inakatikakatika vipande vidogo

Hii ni stika iliyokaa juani miaka kadhaa. Kile kinachoifanya iwe laini kimeshakauka, imebaki kama ganda la yai, na gundi chini yake imekamata. Mtu akiona hivyo anakimbilia kisu, na kila kipande anachokwangua kinaacha mstari kwenye lenzi.

Inataka joto, lakini joto la kiasi. Akriliki inaanza kulegea karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na polikaboneti karibu 147. Ile mashine ya mafundi ya kupuliza joto inaweza kutoa hewa ya nyuzi 500 na zaidi, kwa hiyo ukiishikilia sehemu moja kwa sekunde chache tu, lenzi inabonyea na haitanyooka tena. Mimi natumia drayer ya nywele, au matambara yaliyochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, nayaweka juu ya taa kwa dakika mbili tatu. Kipimo ni mgongo wa mkono wako. Ukiuweka kwenye lenzi ukaona moto lakini unaweza kuuacha, inatosha. Ukiutoa haraka, umezidisha.

Ikishapata joto, inua kona moja kwa kucha au kadi ya simu ya plastiki, kisha vuta ukiirudisha stika juu ya mgongo wake yenyewe, chini chini, polepole kabisa. Ukivuta kwenda juu kama unayefungua bahasha, inakatika. Vuta sentimita mbili, pasha tena, vuta.

Gundi iliyobaki hutoka kwa mafuta ya kupikia au mafuta ya taa. Paka, acha dakika kumi, sukuma kwa kadi ya plastiki, futa, osha kwa maji na sabuni mpaka mkono usiteleze tena. Petroli hapana. Watu huona mafuta ya taa na petroli ni ndugu, lakini petroli ina viambato vya jamii ya thina ndani yake, na vinaingia kwenye plastiki.

## Rangi ya kopo inatoka mabaka mabaka

Taa imebaki kama chui: hapa nyekundu, hapa nyeusi. Mara nyingi sababu ni kwamba aliyepuliza alirudia mara nyingi upande mmoja, au unatumia kitambaa kilichokwishajaa rangi na sasa unahamisha weusi kutoka baka moja kwenda jingine. Geuza kitambaa kila baada ya mipito michache. Nafahamu inachosha. Kwa taa mbili za nyuma mimi humaliza vitambaa sita hadi vinane.

Kwa rangi laini sitangulii na kemikali hata kidogo. Natangulia na kompaundi, ile ya kung'arishia rangi ya gari, kwenye kitambaa chenye unyevu, kwa mkono, eneo la ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja. Kompaundi inakula rangi polepole na wekundu unaanza kuchungulia kama jua la alfajiri. Ukiona baada ya dakika tano eneo lile halijabadilika, tinti yako ni ngumu kuliko ulivyodhani, na sasa ni zamu ya msasa.

Weusi utakaong'ang'ania mwishoni utaukuta kwenye maandishi yaliyochongwa, kwenye mifereji ya lenzi za muundo wa zamani na pale lenzi inapokutana na bampa. Hapo chukua mswaki laini uliokwisha kutumika na kompaundi, au chonga kijiti cha mti kiwe bapa, ukivike kitambaa. Sindano na bisibisi zinakwangua kabla hujajua.

## Rangi haigusiki, kompaundi inateleza tu

Hii ni klia yenye hadna. Hapa ndipo thina inaposhawishi kuliko mahali pengine pote, kwa sababu kila fundi rangi anajua thina inalainisha rangi. Ni kweli, ila kwa klia iliyokomaa thina inahitaji muda mrefu, na ndani ya muda huo imeshapenya kwenye vinyweleo na kufika kwenye plastiki, ambayo inalainika haraka kuliko klia yenyewe. Yaani unaanza kumuua mgonjwa kabla ya ugonjwa. Hali ni hiyohiyo kwa asetoni, ile ya kutoa rangi ya kucha. Dawa ya kusafishia oveni na ya kuzibulia sinki zina magadi makali yanayoshambulia polikaboneti. Mafuta ya breki, ambayo baadhi ya mafundi huyasifu, yakidondoka tu kwenye bampa yanakula rangi ya bodi, na kwenye lenzi sijawahi kuona sababu ya kuyahatarisha.

Tumia msasa wa maji. Najua msasa unaogopesha, maana taa ukiigusa tu inakuwa nyeupe kama imepakwa unga. Lakini kwangu mimi msasa ni mwaminifu kuliko kemikali: unachoharibu unakiona, kiko juu, na unaweza kukiondoa. Thina inaharibu ndani, na unajua siku tatu baadaye.

Zungushia tepu ya karatasi bodi yote inayopakana na taa, safu mbili. Loweka msasa kwenye ndoo yenye maji na tone la sabuni kwa robo saa. Namba ya msasa ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi: kwa klia ngumu naanza na namba 800, kwa ya wastani 1000. Shuka chini ya 800 ikiwa tu klia ni nene sana na una uhakika nayo. Funga msasa kwenye kipande cha sponji ili vidole visichimbe mifereji, peleka mwendo mmoja wa kulia na kushoto, mwagia maji muda wote.

Kisha yatazame maji yanayotiririka, maana ndiyo yanayokuambia ulipofika. Unapokula tinti yanatoka meusi au kahawia kama chai ya rangi. Kwenye taa ya nyuma, yakianza kuwa na uwaridi, umeigusa plastiki nyekundu. Acha msasa huo hapo na hamia sehemu ambayo bado ni nyeusi. Kwenye taa ya mbele yakiwa meupe kama maziwa, umefika kwenye ile ngozi ya kiwandani au plastiki yenyewe. Mafundi wengi wanasugua taa yote kwa nguvu sawa mpaka mwisho, na hapo ndipo kingo zinapolika kupita kiasi. Kingo na mikunjo ina tinti nyembamba, kwa hiyo iachie kwa msasa wa 1500.

## Lenzi imekuwa na ukungu mweupe baada ya kupakwa kitu

Kama ulipaka thina, petroli au asetoni kabla hujasoma haya, usikimbilie kupaka kingine juu yake. Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha iache taa siku mbili kivulini. Plastiki iliyokunywa kemikali inavimba na kulainika, na ukiisugua ikiwa hivyo unazidi kuichimba. Ikishakauka, itazame kwa ubavu kama nilivyofanya kwenye ile Noah. Ukungu ulio juu tu, usio na mistari ndani yake, unaondoka kwa msasa wa 1500, 2000, 3000 na kompaundi.

Ukiona nyufa za utando, hali ni nyingine. Nyufa hizi huzaliwa pale kemikali inapokutana na plastiki ambayo tayari imevutwa: karibu na skrubu zilizokazwa mno, kwenye kona, mbele ya balbu inayochemka. Zinaingia ndani kuliko msasa unavyoweza kufika. Kung'arisha kutazificha wiki moja, mtikisiko wa barabara ya vumbi utazifungua, na maji ya mvua yatapita humo. Taa ya namna hiyo badilisha. Nasema hivi nikijua bei ya taa, na nimewaambia watu wasiokuwa na fedha hiyo siku hiyo waendelee kuitumia huku wakijipanga, lakini kuilipia kazi ya kung'arisha ni kutupa fedha.

Kuna na ile mbinu ya kupaka taa ya mbele dawa ya mbu ya kujipaka mwilini. Inang'aa papo hapo, ni kweli. Inang'aa kwa sababu kiambato kilichomo kwenye nyingi ya dawa hizo, DEET, kinayeyusha uso wa plastiki ukajisawazisha. Baada ya muda mfupi unakuta uso umeharibika zaidi ya mwanzo.

## Tinti imetoka yote lakini mistari ya msasa inaonekana

Umeruka namba, au chembe ya mchanga iliingia kwenye ndoo. Mistari ya 800 haiondolewi na 2000. Unaweza kusugua mpaka adhana ya magharibi, itabaki pale pale chini ya mng'ao. Rudi nyuma namba moja kabla ya ile uliyofikiri umemaliza.

Njia ya kujikinga na hili ni kubadili mwelekeo. Kama 1000 ulipeleka kulia na kushoto, 1500 ipeleke juu na chini, 2000 kulia na kushoto tena. Mistari ya mwelekeo wa zamani ikiwa bado inaonekana, hujamaliza hatua hiyo. Kila ukibadili namba mwaga maji ya ndoo, osha taa, osha sponji. Kausha na tazama, kwa sababu lenzi ikiwa na maji huonekana safi hata kama imejaa mikwaruzo, maji yanaijaza.

Ukitumia mashine ya kung'arisha, mwendo mdogo na mkono mwepesi. Plastiki haipitishi joto kama bati la bodi, linakusanyika pale pale, na unaweza kuona alama kama ya machozi yaliyoganda. Hiyo ni lenzi iliyoanza kuyeyuka chini ya sponji. Mgongo wa mkono unafanya kazi hapa pia.

## Iling'aa siku ile, sasa inarudi njano

Hii ni ya taa za mbele. Ulipotoa tinti kwa msasa ulitoa na ngozi ya kiwandani, na polikaboneti sasa iko uchi juani. Kwa jua letu la pwani haichukui muda mrefu. Nta na polishi zinachelewesha kidogo, halafu zinaoshwa na mvua.

Dawa ya kudumu ni kuivika klia yenye kinga ya jua, ya hadna. Na hapa kuna kosa ninaloliona karibu kila wiki: mtu anang'arisha taa mpaka inakuwa kama almasi, kisha anaipiga klia juu yake. Miezi michache baadaye klia inabanduka kama ngozi ya nyoka. Klia haina pa kushika kwenye uso uliong'arishwa. Kama utapiga klia, ishia kwenye msasa wa 1000 au 1500, taa ikiwa bado nyeupe ya unga, osha, kausha, futa kwa kitambaa kisafi kisicho na nyuzi. Ile mikwaruzo midogo itajazwa na klia na kupotea mbele ya macho yako. Mpito wa kwanza uwe mwembamba kama umande, kwa sababu klia nayo ina thina ndani yake na ukiimwaga kwa wingi itaila plastiki. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha mpito wa pili ulio kamili.

Hadna za klia hizi zina kemikali ziitwazo aisosaineti, nazo zinaharibu mapafu. Mtu anaweza kuanza kupata pumu kutokana nazo. Kitambaa cha pua na barakoa ya vumbi havizuii mvuke huo. Vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, pulizia mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Kama huna vifaa hivyo, fanya msasa mwenyewe nyumbani na upeleke gari kwa fundi rangi mwenye navyo kwa dakika zile za kupiga klia.

Taa za nyuma za akriliki hazina shida hiyo. Zing'arishe, zipake nta, basi. Mtu akikwambia lazima zipigwe klia ili zisipauke, mwonyeshe herufi PMMA.

## Klia imekuwa na vishimo, au imegeuka nyeupe

Vishimo vya mviringo kama macho ya samaki vinaletwa na silikoni. Inatoka kwenye dawa ya kung'arishia matairi na dashibodi, na kitambaa kimoja kilichowahi kugusa tairi kinatosha kuharibu taa mbili. Acha klia ikauke kabisa, piga msasa wa 1000, osha kwa sabuni ya vyombo mara mbili, anza upya na vitambaa vipya.

Weupe wa maziwa kwenye klia ni unyevu ulionaswa. Dar na Mombasa asubuhi za masika, au jioni mvua ikitoka kunyesha, usipulizie. Ngoja saa nne asubuhi hewa ikauke. Weupe huo ukiwa mwepesi, wakati mwingine unaondoka ukiiweka taa juani. Ukibaki siku ya pili, utoe kwa msasa.

## Maji yameingia ndani ya taa

Ilikuwa kavu kabla ya kazi, sasa kuna umande ndani. Kwanza angalia kama hukusahau tepu nyuma. Taa zina vitundu au vipira vidogo vya kupumulia upande wa nyuma, na vikizibwa unyevu hauna pa kutokea. Pili, kama ulitumia joto kali, huenda gundi inayounganisha lenzi na boksi imelegea sehemu fulani. Tatu, kama uliitoa taa kwenye gari, ule mpira bapa unaokaa kati ya taa na bodi huenda umejikunja. Toa balbu, ziba balbu na holda zake kwa mfuko safi, iache taa juani imeelekezwa matundu chini. Usitoboe lenzi ili maji yatoke; nimeziona taa zilizotobolewa hivyo na zote zilikuwa na tope ndani.

## Lenzi ni safi, mwanga bado hafifu

Tinti huwa inasingiziwa na makosa mengine. Toa balbu uitazame: kioo chake kikiwa na moshi wa kijivu ndani, imezeeka. Kwenye magari mengi taa ya nyuma ya usiku ni wati 5 na ya breki ni wati 21, mara nyingi ndani ya balbu moja yenye nyuzi mbili; ikiwekwa kinyumenyume au ikiwekwa ya uzi mmoja, breki inafanana na taa ya kawaida na dereva wa nyuma hajui umesimama. Kagua kutu ya kijani kwenye holda na waya wa ethi. Tazama na rifleta ndani, ule ukuta unaong'aa nyuma ya balbu: ikiwa imepauka na kupoteza ule ukioo wake, hakuna kusafisha nje kutakakosaidia.

Halafu fanya kipimo cha usiku. Egesha gari barabara tulivu, washa taa ndogo, mwambie mtu akanyage breki na kuachia huku wewe ukirudi nyuma hatua hamsini. Simama upande wa kulia, kisha wa kushoto. Taa mbili zifanane wekundu, na breki ikikanyagwa uione ikiruka juu ya taa ya kawaida bila kukaza macho. Yule kijana wa Noah tulifanya hivyo saa mbili usiku, taa moja ya zamani iliyosafishwa na moja ya Ilala, na kutoka pale nilipokuwa nimesimama sikuweza kusema ipi ni ipi.